Alijua maneno, habari ikampita: kisa cha muuguzi na mtihani wa kusoma Kiingereza

Muuguzi ninayemwandika hapa ana stashahada, amekaa wodini zaidi ya miaka kumi, na Kiingereza anakitumia kila siku ya kazi. Anaandika kwenye mafaili ya wagonjwa, anasoma maelekezo ya dawa, anatoa ripoti kwa daktari wakati wa kukabidhiana zamu. Alipoanza kuja darasani kwangu jioni alikuwa ameshafanya mara moja mtihani wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ambao alama yake ya juu ni 9. Kusikiliza alipata 7, kuzungumza 7, kuandika 6, kusoma 5.5. Alitaka kwenda kufanya kazi Uingereza, na baraza la wauguzi na wakunga la huko, NMC, linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kilichomkwamisha zaidi kilikuwa kusoma, na ndicho alichokuwa na uhakika nacho kuliko vyote.

Si yeye peke yake. Watu wazima wengi ninaowafundisha hapa Dar es Salaam huogopa kuzungumza na huogopa kuandika, lakini kusoma wanasema wanakuweza. Ukizungumza ovyo watu watasikia. Ukisoma ukaelewa vibaya hakuna anayejua, hata wewe mwenyewe hujui. Unafunga ukurasa ukiwa na picha fulani kichwani, unaamini picha hiyo imetoka kwenye maandishi, na maisha yanaendelea. Udhaifu wa kusoma unaweza kuishi na mtu miaka ishirini bila kumsumbua, hadi siku atakapokutana na maswali yaliyotungwa makusudi kuupima. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa. Mwenyewe ameridhia, na jina lake na hospitali yake naviacha.

Mtihani wenyewe uko hivi. Sehemu ya kusoma ya IELTS ya kitaaluma ina vifungu vitatu vya habari, jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40, na dakika 60. Hakuna dakika za ziada za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu. Kupata 7 mtu anahitaji takriban majibu 30 sahihi. 6 ni kama 23. Aliyepata 5.5 yuko karibu na 20. Kwa hesabu hiyo, dada huyu alikuwa anapoteza majibu kama kumi aliyoyahitaji, na kazi ya kwanza ilikuwa kujua yanapotelea wapi.

Yeye alikuja na jibu lake tayari. "Mwalimu, mimi shida yangu ni msamiati na muda." Akatoa kaunta buku limejaa maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na maana zake kwa Kiswahili upande wa kulia, kurasa kwa kurasa, mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kujaza chati. Nikafungua katikati nikamuuliza neno moja moja. Aliyajua karibu yote. Nikamwambia, Dada, hili si daftari la mtu asiye na msamiati.

Ili tujue ukweli, niliondoa sababu zote mbili alizozitaja. Nikamwandikia kifungu kifupi cha Kiingereza, kisichofika hata ukurasa mmoja, nikamruhusu kutumia kamusi kadiri atakavyo, na saa nikaiweka mbali. Mada niliichagua kwa makusudi: mlipuko wa kipindupindu wa London mwaka 1854. Dada huyu alihudumia kambi ya kipindupindu mlipuko wa 2015 ulipoanza hapa Dar. Kuhusu ugonjwa huu anajua kuliko mimi mara nyingi. Kama shida ilikuwa maneno magumu au mada ngeni, basi hapa angepata kila kitu.

Habari yenyewe inajulikana sana katika mafunzo ya afya ya jamii. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, na katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 wakafa. Wakati huo madaktari wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Dk. John Snow alishuku maji ya kisima cha Broad Street, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza waliokufa walikuwa wanachota wapi. Karibu na kisima palikuwa na kiwanda cha bia ambacho wafanyakazi wake karibu wote walisalimika, kwa kuwa walikuwa wakipewa bia na hawakugusa maji yale. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ya kisima hicho ukaondolewa. Lakini Snow mwenyewe alikubali kwamba mlipuko ulikuwa umeanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwa sababu watu wengi walikuwa wameshahama mtaa.

Chini ya kifungu niliweka kauli, na kwa kila kauli alitakiwa kuchagua: kweli, si kweli, au haikutajwa. Kauli tatu ndizo zilizofungua macho yangu.

Ya kwanza ilisema wagonjwa wapya walianza kupungua baada ya mkono wa pampu kuondolewa. Akaandika kweli. Kwenye kifungu nilikuwa nimeandika: "By the time the handle was removed, the number of new cases had already begun to fall." Yaani mkono ulipoondolewa, idadi ya wagonjwa wapya ilikuwa tayari imeanza kushuka. Nikamuuliza kwa nini kweli. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mwanafunzi wa uuguzi, kwamba ukifunga chanzo cha maji machafu wagonjwa wanapungua, ndivyo inavyokuwa, ameshaona kwa macho yake. Na ni kweli ndivyo inavyokuwa. Lakini sentensi iliyokuwa mbele yake haikusema hivyo.

Ya pili ilisema Dk. Snow alijua kuwa kipindupindu husababishwa na bakteria. Akaandika kweli. Kifungu hakikuwa na neno lolote kuhusu bakteria. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alikuja kumtambua mdudu yule miaka 30 baadaye, ingawa mwanasayansi Pacini wa Italia alikuwa amemwona kwenye hadubini mwaka uleule wa 1854 na karibu hakuna aliyemsikiliza. Muuguzi wa leo hawezi kufikiria kipindupindu bila bakteria, kwa hiyo alimkopesha Snow ujuzi wake mwenyewe.

Ya tatu ilisema wafanyakazi wengi wa kiwanda cha bia waliepuka ugonjwa. Akaandika si kweli. Sentensi ya kifungu ilikuwa: "Hardly any of the men employed at the brewery fell ill." Yaani karibu hakuna mwanaume aliyeajiriwa kiwandani pale aliyeugua. Hapo kulikuwa na mitego miwili ya lugha. "Hardly" aliichukulia kuwa ni ile "hard" ya ugumu na ukali, akapata picha ya watu walioumwa vibaya. Na "employed" aliisoma kama kitenzi kikuu, akadhani wanaume wale waliajiri mtu fulani. Maneno mawili tu, sentensi nzima ikageuka chini juu, na kwenye kaunta buku lake "employ" imo, maana yake ameiandika sawasawa.

Kwa hiyo makosa hayakuwa ya namna moja. La tatu ni la lugha. Lile la pili halikuwa la lugha hata kidogo, na la kwanza nilishindwa kuliamua: je, "by the time" ilimponyoka, au aliielewa kisha uzoefu wake ukaishinda?

Nikafanya jambo ambalo naona walimu wa Kiingereza wangepaswa kulifanya zaidi. Nikampa zoezi lilelile kwa Kiswahili. Niliandika aya kuhusu mtaa mmoja ambao serikali ya mtaa imetangaza kwamba wenye maduka watakaochelewa kulipa ada ya taka watatozwa faini. Kauli mojawapo: wenye maduka wengi wa mtaa huo huchelewa kulipa ada ya taka. Akaandika kweli, bila kusita. Nilipomuuliza aya inasema wapi kwamba ni wengi, au kwamba wanachelewa, akacheka: "Mwalimu, kwani wewe hujui wenye maduka?"

Hapo ndipo nilipoamini kwamba karibu nusu ya shida yake haikuhusu Kiingereza. Alikuwa na tabia ya usomaji ambayo lugha yoyote ingeifichua kwa maswali yaleyale: anachukua maneno mawili matatu anayoyafahamu, anayaunganisha kwa anachokijua kuhusu dunia, anapata habari yenye mantiki, anaendelea. Akiwa na Kiswahili tabia hiyo haimuumizi sana kwa sababu sentensi yenyewe inaingia yote bila jasho, na ikipingana na anachodhani ataigundua. Kwa Kiingereza sentensi inaingia nusu, na pengo linazibwa na kukisia.

Wakati wa kuzungumzia matokeo kama haya, lawama huenda haraka kwa lugha ya kufundishia. Yeye alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule zetu za serikali tangu 1967, Kiingereza kikiwa somo mojawapo, kisha sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza kwa mkupuo. Jambo hilo lina uzito na silipuuzi. Lakini Kenya, ambako watoto hukutana na Kiingereza cha kufundishiwa mapema zaidi, nako mwaka 2021 baada ya makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza kulizuka mjadala mkubwa pale wengi wao waliposhindwa mtihani wa Kiingereza. Watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani tunachotakiwa kukitazama ni namna tulivyofundishwa kusoma. "Soma kifungu cha habari kisha jibu maswali yafuatayo": wengi wetu tulijifunza kutafuta mstari wenye maneno yanayofanana na ya swali na kuunakili kama ulivyo. Unapata vema bila kuelewa. Sekondari tukanakili ubaoni na kukariri. Ni nadra mtu kutuuliza: mwandishi hakusema nini?

Na mtihani huu unaziba mlango huo wa kunakili. Maneno ya swali hayafanani na ya kifungu. Yamebadilishwa kwa makusudi. Anayewinda maneno yanayofanana ataangukia kwenye mstari usio wake.

Upande wa lugha nao una jambo ambalo limenisaidia kuwaelewa wanafunzi wengi baada ya huyu. Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kubebwa na ngeli. Mtu akiandika "maji ya kisima cha mtaa ule, ambacho", najua mara moja anasema kisima. Akiandika "ambayo" ni maji, "ambao" ni mtaa. "Walioajiriwa" inajitangaza yenyewe kwamba ni maelezo ya watu fulani na kwamba kitenzi kikuu bado kiko mbele. Kiingereza hakikupi alama hizo. "Which" ni ileile kwa maji, kisima na mtaa. "It" inaweza kurudi nyuma sentensi mbili. "Employed" ya maelezo na "employed" ya kitendo zina sura moja. Msomaji wa Kiswahili anayetafsiri neno kwa neno anasubiri alama ambazo hazitakuja, na akifika mwisho wa sentensi ndefu mwanzo umeshamtoka. Hili halifundishwi sana na linawaumiza watu wenye akili nzuri kabisa, ambao baadaye wanajiona wajinga. Hilo ndilo linalonikera zaidi katika kazi hii.

Tulichofanya kwa miezi iliyofuata kilikuwa kidogo kwa wingi na kikali kwa undani. Kanuni ya kwanza: hakuna jibu bila kidole. Kila alipochagua kweli au si kweli aliweka kidole kwenye maneno yaliyompa jibu, akanisomea kwa sauti. Kama kidole hakina pa kutua, jibu ni haikutajwa, hata kama dunia nzima inajua kuwa ni kweli. Mwanzoni aliona namchosha. Aliwahi kubishana nami kwa nguvu juu ya kifungu cha shinikizo la damu, kwa sababu mwandishi alikuwa ameacha jambo ambalo kila nesi analijua, na kitaalamu alikuwa na haki. Nikamwambia mwandishi yule anaweza kuwa amekosea au amesahau. Kazi yetu hapa ni kushuhudia alichosema. Neno la kushuhudia lilimkaa. Anajua kuandika kwenye faili "mgonjwa anasema ana maumivu" badala ya "mgonjwa ana maumivu", na akasema ni kitu kilekile. Tangu siku ile hatukubishana tena juu ya hilo.

Ya pili ilikuwa kuvunja sentensi. Kila jioni sentensi tatu au nne ndefu, si zaidi. Anatafuta kwanza kitenzi kikuu, kisha mwenye kitenzi, na vilivyobaki anavipigia mstari wa penseli kama mikia. Hatafsiri sentensi, anasema tu kwa Kiswahili, nani kafanya nini. Baada ya hapo ndipo tunaiangalia mikia, na maneno madogo yanayogeuza mwelekeo: "although", "unless", "hardly", "few" isiyo na "a" mbele yake. Kaunta buku lilibadilika pia. Neno jipya halikuruhusiwa kuingia peke yake. Liliingia na sentensi lilimotoka. Ukurasa uliokuwa unameza maneno ishirini sasa ulibeba manne, na hilo lilimtia wasiwasi kwa wiki kadhaa kwamba anarudi nyuma.

Ya tatu ndiyo ngumu kuiuza kwa mtu mzima: kusoma vitabu rahisi, vingi. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili mtu asome na kuelewa vizuri bila msaada anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 300 usiwe na mageni zaidi ya sita. Vifungu vya mtihani vilikuwa vinampa mengi zaidi ya hayo, na mtu hawezi kuzoea mwendo wa lugha akiwa anakwama kila mstari. Nikamtaka aache vifungu vya mtihani nyumbani, asome hadithi za watoto na vitabu vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza. Alinitazama. Mama wa watoto watatu, sista wa wodi, asome hadithi za sungura? Alichofanya ni kusoma na mtoto wake wa mwisho, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, vitabu vya mtoto mwenyewe na vile vya bure vya African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto mtandaoni, alivyopakua kwenye simu akiwa na bando, akavisoma kwenye daladala bila bando. Baada ya muda akahamia vitabu vya watu wazima vilivyorahisishwa. Siku aliyoniambia kwamba amemaliza kitabu na hakumbuki kutafsiri, nilijua saa ya kuleta saa imefika.

Muda tuliugusa mwisho kabisa, na hapa natofautiana na kozi nyingi za maandalizi. Wengi huanza na mbinu: pitisha macho haraka, soma maswali kwanza, winda neno muhimu. Mbinu hizo zinamfaa mtu anayeelewa sentensi akiisoma taratibu. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni kukisia, kumwambia apitishe macho ni kumwongezea dozi ya ugonjwa. Dada huyu alikuwa ameshapitia kozi ya namna hiyo kabla hajaja kwangu. Ada alilipa, na alitoka anakisia kwa kasi zaidi. Tulipoweka saa hatimaye, mwendo ulikuwa umekuja wenyewe kwa sehemu kubwa. Dakika ishirini kwa kifungu zilimtosha kwa viwili vya kwanza.

Alirudi kwenye mtihani baada ya karibu nusu mwaka. Kusikiliza 7, kuzungumza 7, kuandika 6.5, kusoma 6.5.

Nusu alama. Alinipigia simu akilia, na sikuwa na neno la kumfariji siku ile zaidi ya kumsikiliza. Lakini matokeo hayo si bure, na ningependa wauguzi wengine wanaosoma hapa walijue hili kwa sababu wengi hukata tamaa bila kuuliza. Tangu Februari 2023 NMC inakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, ilimradi katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili asishuke zaidi ya nusu alama chini ya kiwango. Maana yake ni kwamba 7 zake mbili na 6.5 ya kuandika zimeshahesabika. Anachohitaji sasa ni 7 ya kusoma ndani ya miezi hiyo, bila kushuka chini ya 6.5 katika kusikiliza na kuzungumza, wala chini ya 6 katika kuandika. Mtihani wa kwanza kabisa, ule wa 5.5, haungeweza kumsaidia kwa njia hiyo.

Tumeshaanza. Mazoezi yanaonyesha kwamba majibu yanayobaki kupotea yako kwenye kifungu cha tatu, ambacho mara nyingi hubeba maoni: mwandishi anamtaja mtaalamu fulani, anaeleza hoja yake kwa aya nzima, kisha anaipinga kwa nusu sentensi. Dada anachukua hoja ya mtaalamu kuwa ya mwandishi. Zoezi la sasa ni moja tu. Pembeni ya kila aya anaandika kwa penseli maoni haya ni ya nani, na panapobadilika msemaji katikati ya aya anachora mstari hapohapo. Juzi katika aya saba alikosea mbili, zote mbili mahali ambapo msemaji aligeuka bila jina lake kutajwa tena, kwa "it is argued" (yaani "inadaiwa") tu. Jioni zijazo tutashughulika na hizo.